Mafaili Yaliyovuka Bahari

Kati ya Machi 18 na Machi 27, 2013, dola za Kimarekani zilitolewa taslimu katika akaunti ya kampuni moja ya Dar es Salaam, mafungu kwa mafungu, hadi zikafika milioni 5.2. Katika siku hizo hizo, Machi 24, Rais Xi Jinping wa China alitua nchini, na katika ziara yake ukatiwa saini mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa Bagamoyo. Magazeti yalijaa habari za bandari. Habari za zile fedha hazikuandikwa popote. Waliozijua ni wafanyakazi wachache wa benki ya Stanbic, maana wao ndio waliozihesabu na kuzikabidhi.

Bandari ilikwama kwa miaka. Zile fedha, kwa upande wake, ziliingia katika historia ya sheria: ndizo zilizoizaa kesi ya kwanza Uingereza ambamo kampuni ilifikia makubaliano ya kuahirishiwa mashtaka mbele ya jaji. Faili lake lilipita Dar es Salaam, Johannesburg, London na Washington. Ni historia inayotuhusu sana sisi wa mwambao wa Bagamoyo, kwa kuwa mikataba mikubwa inaendelea kubisha hodi kwetu, na mambo yakiharibika kinachotafutwa kwanza ni karatasi: ziko wapi, nani alizitunza, na nani alithubutu kuzionyesha.

Deni la Bagamoyo, rufaa ya Bombay

Biashara ya nchi nyingi si ngeni hapa. Katika karne ya 19 misafara ya Tabora na Ujiji ilianzia na kuishia Bagamoyo. Mwenye msafara alikopa vitambaa, shanga na masango kwa tajiri wa Unguja, na tajiri huyo mara nyingi alikuwa na mizizi ya biashara yake Kutch au Bombay. Forodha ya Sultani nayo ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch. Pembe za ndovu zikipotelea bara, hasara iligusa bandari tatu kwa mpigo. Waingereza walikuwa na mahakama yao ya ubalozi Unguja kwa ajili ya Wahindi waliokuwa chini ya himaya yao, na rufaa za mahakama hiyo zilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Mzozo wa deni uliozaliwa kwenye mchanga wa Bagamoyo ungeweza kumalizwa na majaji waliokaa ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Kisha ikaja kampuni ya aina nyingine. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikubali kuikodisha pwani ya bara kwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kampuni ya Kijerumani, ikusanye ushuru na kuendesha utawala kwa miaka 50. Wenyeji wa Bagamoyo, Pangani na Saadani hawakuulizwa. Maofisa wa kampuni walipokuja kushika forodha Agosti mwaka huo, pwani iliwaka moto, Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani wakiwa mbele. Kampuni ilishindwa, na serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi la Hermann von Wissmann kuiokoa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo ikawa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi 1891.

Kampuni iliyouanzisha mgogoro haikuketishwa mbele ya yeyote kueleza iliahidi nini, ililipa nani na ilipata kiasi gani. Gharama ilibebwa na dola, na damu ikawa ya wapwani. Wakati huo kampuni ilikuwa juu ya maswali. Zaidi ya karne moja ilipita kabla kampuni kubwa ya Ulaya kusimama mahakamani kwa mambo iliyoyafanya katika nchi yetu.

Rada na chenji yake

Mwaka 1999 Tanzania iliingia mkataba wa kununua mfumo wa rada kutoka Uingereza kwa pauni milioni 28. Muuzaji akawa BAE Systems, kampuni kubwa kuliko zote za silaha nchini humo. Benki ya Dunia ililalamika kuwa bei ilizidi mahitaji ya nchi maskini iliyokuwa ikipigania kusamehewa madeni. Katika baraza la mawaziri la Tony Blair, waziri wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliupinga mkataba waziwazi. Kibali cha kuuza kilitolewa hata hivyo mwishoni mwa 2001.

Uchunguzi ulioongozwa na SFO, taasisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya udanganyifu na rushwa, ulifuata njia ya fedha. Ilibainika kwamba kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 takriban dola milioni 12.4 zililipwa kwa ajili ya wakala mmoja wa Dar es Salaam, zikipitia kampuni zilizoandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza na Panama. Mkataba wenyewe ulikuwa na thamani ya kama dola milioni 40, kwa hiyo karibu theluthi ya bei ya rada ilikwenda kwenye kamisheni. Nyuzi nyingine zilifika Jersey. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati mkataba unafungwa, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu baada ya kuandikwa kwamba wachunguzi wamekuta dola milioni 1 katika akaunti yake huko. Alikana kuhusika na rushwa, na hakushtakiwa kwa suala la rada.

Tazama njia ilivyokuwa: mkataba Dar es Salaam, vitabu vya hesabu London, kampuni za mapito katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, akaunti katika visiwa vya Mfereji wa Uingereza. Kila nchi ina sheria yake ya siri za benki. Kila ombi la nyaraka huandikwa rasmi, husubiri foleni, na aghalabu hupingwa mahakamani na mwenye akaunti. Miaka ikapita namna hiyo. Desemba 2006 serikali ya Uingereza ilisimamisha uchunguzi mwingine mkubwa dhidi ya kampuni hiyo hiyo, uliohusu Saudi Arabia, kwa hoja ya usalama wa taifa. La Tanzania likaendelea, ila wote wakawa wamejionea kwamba siasa inaweza kulifunga faili siku yoyote.

Hatimaye Februari 2010 pande mbili zilielewana. Nchini Marekani BAE ililipa dola milioni 400 kwa mashauri mengine. Kwa Tanzania ilikubali kosa moja tu: kutotunza kumbukumbu za hesabu zenye kueleza malipo yale yalikuwa ya nini. Neno rushwa halikuwamo katika shtaka. Desemba 21, 2010, katika mahakama ya Southwark, London, Jaji Bean alionyesha wazi kutoridhika kwake. Hakuona namna ya kuamini kwamba wakala alilipwa fedha zote zile kwa kazi ya ushawishi wa kawaida. Lakini jaji huhukumu kwa shtaka lililo mbele yake. Aliitoza kampuni faini ya pauni 500,000, na kwa kuwa makubaliano yalikuwa kampuni itoe pauni milioni 30 kwa jumla, zikabaki milioni 29.5 za kuwapa Watanzania.

Hata hizo zilichelewa. Kampuni ilitaka kuzitoa kwa utaratibu wake, kupitia kamati ya washauri wake. Mwaka 2011 Bunge lilituma ujumbe London ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai, kudai kwamba aliyeumia ni Tanzania na kwa hiyo anayestahili kulipwa ni Tanzania. Machi 2012 makubaliano yalisainiwa na fedha zikaletwa kununulia vitabu na madawati. Mpango ulitaja vitabu milioni 4.4 na madawati 200,000, vitabu vikienda katika shule zote za msingi za serikali Tanzania Bara, za Bagamoyo zikiwamo. Wananchi wakazipa jina wenyewe: chenji ya rada. Mtoto aliyesoma hesabu kwa kitabu kile alikuwa akisoma kwa fedha ambazo taifa lake lilizidishiwa bei kabla hajazaliwa.

Hakuna ubaya wa kushukuru kwa vitabu. Lakini kesi ile iliacha pengo kubwa. Rada ilinunuliwa na serikali yetu, mikutano ilifanyika katika ofisi zetu, na faili lililotoa majibu lilikuwa la London. Majibu yenyewe yalikuwa nusu, kwa sababu kampuni ilijenga njia ya malipo kwa namna ambayo asingeweza kuisoma mtu wa nje, na ikakaa kimya mpaka ilipobanwa.

Siku kumi za Machi

Jambo la pili lilianza kama biashara ya kawaida ya serikali. Tanzania ilihitaji fedha za Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza 2011/12, ikaamua kukopa dola milioni 600 katika soko la kimataifa. Wasimamizi wa mkopo walikuwa benki ndugu mbili: Stanbic ya Tanzania na Standard Bank Plc ya London, zote tanzu za Standard Bank Group ya Johannesburg.

Mwaka 2012 pendekezo la ada lilikuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Mazungumzo yakasuasua. Septemba ada ilipanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia 1 iliyoongezeka ikatengewa mshirika wa ndani, kampuni iitwayo EGMA. Mwenyekiti wa EGMA alikuwa Harry Kitilya, ambaye wakati huo huo alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mkurugenzi wake mwendeshaji aliwahi kuongoza mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mkopo ukafungwa Machi 2013, na dola milioni 6 za EGMA zikaingia katika akaunti yake iliyokuwa Stanbic.

London haikuuliza EGMA ni nani na itafanya kazi gani. Iliona jukumu hilo ni la dada yake wa Dar es Salaam. Nyaraka zilizokubaliwa baadaye mahakamani zinaeleza kwamba hapakuonekana ushahidi wa huduma yoyote ambayo EGMA iliitoa katika mkopo ule. Fomu za kumtambua mteja zilikuwapo, ila hakuna mkubwa aliyesoma kilichoandikwa na kuuliza: huyu mwenyekiti si ndiye mkusanya kodi wa nchi inayokopa?

Aliyeuliza alikuwa wa chini. Dola milioni 5.2 kwa noti za dola mia mia ni noti 52,000, uzito wa kama mfuko mmoja wa saruji. Fedha za namna hiyo hazipiti dirishani bila kuonwa. Mtu wa kaunta huomba kibali cha mkuu wake, mkuu huomba chumba cha hazina, noti huhesabiwa kwa mashine na kuhesabiwa tena, na sababu ya kutoa fedha huandikwa. Wafanyakazi wa Stanbic walishtuka kwamba kampuni ya ushauri inamaliza karibu akaunti yake yote kwa taslimu ndani ya siku kumi. Wakayapeleka mashaka yao juu, na Machi 28, siku moja baada ya fungu la mwisho kutolewa, taarifa ikafika makao makuu Johannesburg.

Kuanzia hapo benki ilichukua njia tofauti kabisa na ile ya BAE. Iliwaita mawakili wa Jones Day. Aprili 18 wakatoa taarifa kwa chombo cha Uingereza kilichoshughulika na uhalifu wa kupangwa, na Aprili 24 wakaenda wenyewe SFO. Hazikuwa zimefika wiki nne tangu mashaka yatoke Dar es Salaam, na SFO haikuwa imesikia chochote kuhusu shauri hilo. Mawakili waliendelea kuchimba kwa zaidi ya mwaka na kukabidhi ripoti yao Julai 21, 2014. SFO iliipokea, ikaipima, ikafanya mahojiano na uchunguzi wake.

Kazi ya namna hii ina kanuni zake, na inafaa mwananchi azijue. Ya kwanza ni kuhifadhi. Siku mashaka yanapozuka, barua pepe, rekodi za simu na fomu za akaunti hufungiwa zisifutwe, kabla hata ya kumhoji mtu, kwa sababu kumbukumbu iliyopotea katika wiki ya kwanza hairudishwi na mahakama yoyote. Ya pili ni kujua kila karatasi iko chini ya sheria ya nchi gani. Taarifa za mteja wa benki Tanzania zinalindwa na sheria ya Tanzania, na barua pepe ya London inalindwa na ya Uingereza, hivyo wakili anayebeba kila kitu kwenye begi na kupanda ndege anaweza kuwa ametenda kosa akidhani anachunguza kosa. Ya tatu ni mahojiano. Mfanyakazi anayehojiwa lazima aambiwe kwamba wakili aliye mbele yake ni wa kampuni, si wake, na kwamba maneno yake yanaweza kufikishwa kwa serikali. Ya nne ni kuzioanisha serikali, ili kosa moja lisiadhibiwe mara tano, na lisiponyoke pia katikati ya ofisi tano ambazo kila moja inadhani nyingine inalishughulikia.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Enzi za rada, kuitia kampuni hatiani Uingereza kwa hongo kulihitaji kuthibitisha dhamira ya wakubwa wake. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, ilileta kosa jipya: kampuni kushindwa kuzuia hongo itolewayo kwa niaba yake. Haisaidii tena mkurugenzi kusema hakujua. Ataulizwa aliweka utaratibu gani wa kumwezesha kujua. Na tangu Februari 2014 waendesha mashtaka wa Uingereza waliruhusiwa kuahirisha mashtaka kwa kampuni iliyojitokeza na kushirikiana, kwa masharti magumu na kwa idhini ya jaji.

Novemba 30, 2015, Jaji Brian Leveson alitoa idhini hiyo kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yake. Hesabu zake zinafuatika. Ada ya benki, ile asilimia 1.4, ilikuwa dola milioni 8.4, na benki ikairudisha yote. Faini ilipigwa mara tatu ya kiasi hicho, yaani milioni 25.2, kisha ikapunguzwa theluthi moja kwa sababu benki ilijitokeza mapema, ikabaki milioni 16.8. Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 zilizokwenda EGMA pamoja na riba ya zaidi ya milioni 1. Wizara ya Sheria ya Marekani iliulizwa kama adhabu inalingana na ambayo ingetolewa kwao. Ilisema inalingana na ikafunga faili lake. Kamisheni ya Marekani ya masoko ya hisa na dhamana ilitoza dola milioni 4.2 kwa upande wake. Benki yenyewe wakati huo ilikuwa imebadili mikono: tangu Februari 2015 asilimia 60 yake ilikuwa mali ya ICBC ya China.

Rada ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu malipo ya kwanza hadi hukumu, na shtaka lililopatikana ni la vitabu vya hesabu. Mkopo wa dola milioni 600 ulichukua chini ya miaka mitatu, na hongo ikatajwa kwa jina lake. Sheria mpya ilichangia, lakini haikuwa na macho ya kuona noti zikitoka Dar es Salaam. Macho hayo walikuwa nayo watumishi wa tawi, na walipoona walisema mara moja, karatasi zote zikiwa bado mahali pake.

Upande wetu wa meza

Hata hivyo haki ya kesi hiyo haikulingana kwa kila mtu. Uingereza ilimalizana na kampuni, na hakuna mtu hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kule. Tanzania ilishughulika na watu. Aprili 2016 Kitilya na maofisa wawili wa zamani wa Stanbic walipandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kati ya mashtaka yao yakiwamo ya kutakatisha fedha, ambayo hayana dhamana. Walikaa mahabusu miaka kabla ya kusikilizwa. Shauri lilifika mwisho mwaka 2020 kwa makubaliano ya kukiri kosa na kulipa fidia, njia iliyofunguliwa na mabadiliko ya sheria ya 2019. Ushahidi mzito ulikuwa umeshapangwa London tangu 2015, ukurasa kwa ukurasa. Nchi yetu ina sheria ya kusaidiana na nchi nyingine katika makosa ya jinai tangu 1991, na ina TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mshtakiwa anayekaa ndani miaka minne akisubiri upelelezi ukamilike anaonewa, awe ana hatia au hana, na umma unaonewa pamoja naye, kwa kuwa hauusikii ushahidi ukitolewa hadharani.

Na hapa hapa Bagamoyo tunalo funzo letu. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kiswidi SEKAB ilikuja na mpango wa kulima miwa ya kutengenezea mafuta. Mradi ukachukuliwa na EcoEnergy, ukageuka wa sukari, na mwaka 2013 ukapewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 katika ardhi ya iliyokuwa RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, karibu na Mto Wami na Hifadhi ya Saadani. Watu waliokuwa wakilima, kufuga na kuchoma mkaa ndani ya eneo hilo waliishi miaka ya wasiwasi, leo wakiambiwa watahamishwa, kesho wakiambiwa wasubiri. Mwaka 2015 shirika la misaada la Sweden, Sida, lilijitoa. Mwaka uliofuata serikali iliukataa mradi, ikitaja maji ya Wami na wanyama wa Saadani.

Wawekezaji walikwenda Washington, katika baraza la usuluhishi la ICSID, wakitumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Sweden na Tanzania. Aprili 2022 waliamuliwa walipwe takriban dola milioni 165. Mwishoni mwa mwaka huo ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania ilishikiliwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo. Ardhi ya vijiji vya Makurunge na Matipwili, uamuzi wa Dodoma, hukumu ya Washington, ndege Uholanzi: ni ile ile ramani ya madeni ya karne ya 19, ila sasa anayedaiwa ni taifa zima.

Katika mashauri kama hayo, hoja nzuri isiyo na karatasi haishindi. Kama serikali ilikuwa na sababu za haki kuulinda mto, sababu hizo zilipaswa kuandikwa, kupimwa na kuhifadhiwa tangu siku ya kwanza, kabla ya kugawa hati. Mkulima wa Matipwili hakuwa na kiti mbele ya wasuluhishi. Aliyekalia meza ni mwekezaji na serikali, na kilichozungumzwa ni thamani ya hati.

Ile bandari ya Bagamoyo, iliyopangwa kujengwa Mbegani, imepita njia hiyo hiyo ya giza. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi pamoja na wawekezaji kutoka China na Oman. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliukataa mradi akisema masharti yake hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuufufua. Miaka yote hiyo wakazi waliofanyiwa tathmini ya mashamba na nyumba zao waliujua mkataba kwa kusikia tu, wakati masharti yakibishaniwa na viongozi majukwaani.

Kwa hiyo nasema hivi, na nasema kwa uchungu wa mtu wa mwambao huu. Tusingoje Southwark itutafutie ukweli wa mambo yaliyofanyika kwetu. Mikataba ya ardhi na bandari iwekwe wazi ingali michanga, na jina la kila wakala na kila mshirika wa ndani lisomwe hadharani, pamoja na kazi atakayoifanya na malipo atakayopata. TAKUKURU ikiomba faili nje, iwe na lake tayari mkononi. Na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 itumike kweli, afisa ardhi wa wilaya, karani wa halmashauri na mtumishi wa benki waijue, na waone kwa macho yao kwamba aliyesema hakufukuzwa kazi.

Maana dola milioni 7 zilizorudi Hazina hazikuanzia kwa jaji wala kwa mawakili ghali wa London. Zilianzia kwa wafanyakazi wa tawi la Dar es Salaam ambao majina yao hatuyaimbi, walioona jambo haliko sawa wakalipeleka juu mapema. Watu kama hao wako Bagamoyo leo, katika masjala ya wilaya na kwenye madirisha ya benki. Kitakachoamua kama watasema ni jinsi tutakavyomtendea wa kwanza wao atakayefungua kinywa.